Fizi zinatoka damu, niache mswaki?

Swali: Daktari, nina mimba ya miezi 5. Kila nikipiga mswaki natema damu. Mama mkwe anasema niache mpaka nijifungue. Nifanyeje?

Jibu: Usiache, dada. Homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe upesi palipo na ukoga. Bila mswaki, damu itazidi. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Uinamishe kidogo, nyuzi ziguse pale fizi inapokutana na jino. Hapo ndipo wengi husahau. Maji ya chumvi hutuliza tu. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauondoki kwa mswaki: nenda ukasafishwe meno. Ni salama, ila mwambie daktari wa meno kuwa una mimba. Sasa hivi fizi zako zinaweza kupona kabisa. Lakini ugonjwa wa fizi ukifika kwenye mfupa, mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.