Kuwapeleka Watu wa Muscat Mbugani: Mafunzo Manane Niliyopata

Kazi yangu ni kupanga safari za watu wa Muscat wanaotaka kwenda kuona wanyama Tanzania na Kenya, na mara nyingi mimi mwenyewe huongozana nao. Ofisi ipo Ruwi. Wateja hutoka Seeb, Al Khuwair, Ghubra, na wengine Nizwa na Ibra. Wengi wanakijua Kiswahili: wazee waliozaliwa Unguja na Pemba wakaja Oman baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 au baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, pamoja na watoto wao waliojifunza lugha jikoni kwa bibi zao. Vitabu vya watalii havikuandikwa kwa ajili yao. Viliandikwa kwa Mzungu anayeikimbia mvua, asiyejua Kiswahili na asiye na ndugu hata mmoja Dar es Salaam. Ndiyo maana sifa na lawama wanazorudi nazo watu wetu hazifanani na zilizomo vitabuni. Kwa kuzisikiliza, nimejifunza haya.

1. Aliyezaliwa Visiwani huenda hajapata kumwona simba

Mzee akikwambia Afrika ni kwao, usidhani anaijua Serengeti. Unguja na Pemba hakuna simba wala tembo. Kuna karafuu, bahari, na kima punju wa Jozani. Bi mmoja mzaliwa wa Wete aliniambia waziwazi: "Mwanangu, karafuu naijua tangu ikiwa ua. Tembo nimemwona kwenye televisheni, kama wewe." Watu kama yeye wakisimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, wakaliona bonde la kilomita za mraba zipatazo 260 limetandaa chini yao, hustaajabu kuliko Mjerumani aliyekwisha kulisoma. Siku hizi siwaambii tena kwamba wanarudi nyumbani. Nyumbani ni Wete, na huko tunakwenda mwishoni, kuzuru makaburi na jamaa. Hamu mbili hizi zikichanganywa katika siku moja, zote huharibika.

2. Kilomita za huko si za huku

Muscat hadi Nizwa ni kama kilomita 160, na kwa barabara kuu ni saa moja na nusu. Kwa hesabu hiyo, mtu akisikia Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, anajua ni saa tatu. Ni siku nzima. Lami inaishia kwenye lango la Loduare, Ngorongoro, na kuanzia hapo ni vumbi, mawe na matuta madogo madogo yanayotikisa hadi meno. Hakuna lawama ninayoisikia zaidi ya hii. Mwenye mgongo mbovu namshauri apande ndege ndogo kutoka Arusha, lakini nako kuna mzozo wake: ndege hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu, tena kwenye begi laini, na mama wa Kiomani hasafiri bila halwa na tende za kuwagawia ndugu. Zawadi ziachwe Arusha, zisubiri.

3. Msimu mbaya wa wenzetu ni msimu wetu

Vitabu vinamwonya msafiri aepuke masika, Machi hadi Mei. Lakini watu wa Oman husafiri kilomita elfu moja kwenda Salalah, kati ya Juni na Septemba, kwa sababu ya manyunyu na ukungu wa kharif. Mvua kwao ni sherehe. Nakumbuka familia moja ya Seeb tukiwa Ndutu mwezi wa Machi. Wingu lilipotukaribia dereva akanyanyuka kufunga paa la gari, baba akamzuia. Watoto wakatoa mikono nje na kuilamba mvua viganjani, na simba wawili waliokuwa wamelala hatua chache kutoka kwetu hakuna aliyewashughulikia.

Januari hadi Machi ndio wakati nyumbu wanapozalia nyanda za kusini mwa Serengeti, wengi wao Februari, na nyika yote huwa ya kijani. Bei nayo inasaidia: Maasai Mara, tangu 2024, mgeni asiye mkazi hulipa dola 100 kwa siku Januari hadi Juni, na dola 200 Julai hadi Desemba, yaani kama riali 77. Ila Aprili na Mei natahadharisha. Kambi nyingi hufungwa, na udongo mweusi ukilowa hunasa gari lolote.

4. Buibui jeusi huita mbung'o

Mbung'o hufuata rangi nyeusi na buluu iliyokoza. Ndiyo maana mitego yao inayotundikwa mitini imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa mvike mtu abaya nyeusi, umpitishe Tarangire au magharibi mwa Serengeti, uone. Wakiuma hupenya nguo. Mabinti wa Muscat siku hizi hushona abaya za rangi ya mchanga au majani makavu, na mbung'o huwapunguzia adhabu. Dishdasha nyeupe haiumwi sana, lakini kufika adhuhuri ni nyekundu kwa vumbi.

Baridi nayo haiaminiki mpaka imuume mtu. Mteja anayeondoka Muscat mwezi wa Julai, joto limepita nyuzi 40, huona sweta ni mzigo. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na alfajiri ya Julai huko mtu hutafuta blanketi la pili.

5. Kujua Kiswahili ni neema, na ni mtihani kwa dereva

Mgeni wa Ulaya husikia redio ya gari ikikoroma tu. Watu wetu husikia yote: nani kapasukiwa tairi, nani kamwona faru, nani anadai deni lake la mafuta. Madereva wana majina ya mafumbo kwa wanyama, kwani kila mgeni duniani anajua simba ni nini, lakini bibi zetu hawahitaji siku mbili kuyafumbua. Baada ya hapo dereva huacha kusoma somo lake la kila siku na kuanza kuzungumza. Husimulia alivyosoma chuo cha wanyamapori cha Mweka pale chini ya Kilimanjaro, ada za watoto, na tembo aliyewahi kumfukuza.

Taabu huanza bibi anaposema, "Mwanangu, nisogeze kidogo tu, macho yangu hayaoni mbali." Katikati ya Serengeti ni marufuku kutoka njiani, na adhabu humwangukia dereva. Mzungu akiomba, humkatalia kwa tabasamu. Bibi wa Kiswahili atamkatalia vipi? Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla injini haijawashwa, huwaomba wazee wangu mbele ya wote: kijana huyu msimtie mtihani. Na kila mzee hupata darubini yake.

6. Sala ipangwe na ratiba ya lango

Ndani ya hifadhi hushuki garini popote upendapo. Adhuhuri na alasiri tunazikusanya kisafari, na mahali pangu ni Naabi, lango la Serengeti lenye kilima cha mawe na viti vya kulia chakula. Wanaume wetu, kwa mazoea, hugeukia magharibi. Huwakumbusha kwamba huku kibla ni kaskazini. Chakula cha halali si tatizo ukiagiza mapema. Tatizo ni mwewe wa Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, mahali watu wanapopumzika kando ya ziwa la viboko. Nimemwona akishuka kwa nyuma na kumpokonya mtu sambusa ikiwa baina ya mkono na mdomo, na makucha yakamwacha na mchubuko kidoleni. Huko tunakula ndani ya gari.

7. Mwarabu haingii nchi ya Wamasai kama mgeni wa kwanza

Kwenye boma moja kando ya njia, mzee wa Kimasai aliwauliza vijana wangu: "Nyinyi ndio Waarabu wa Loliondo?" Hawakuelewa swali. Tangu 1992 kampuni ya uwindaji ya Falme za Kiarabu imekuwa na kibali Loliondo, na Juni 2022 serikali ilipoweka vigingi huko kutenga kilomita za mraba 1,500 za ardhi ya Wamasai kulizuka vurugu. Kujibu kwamba Oman ni nchi nyingine ni sahihi, ila hakutoshi. Misafara ya pembe iliyopita Tabora na Ujiji ilikuwa ya jamaa zetu pia. Tippu Tip, mmoja wa wakuu wa misafara hiyo, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alikuwa na asili ya Oman, na nyuma ya pembe walitembea watumwa. Siku hizi nawaeleza haya Muscat kabla ya kuondoka. Aliyeyajua huuliza maswali kwa adabu na kusikiliza majibu, na aghalabu mazungumzo ya boma ndiyo anayoyasimulia zaidi akirudi.

8. Kabla ya kuhukumu mbuga za watu, tazama za kwetu

Tarangire kuna choroa. Mtoto mmoja alimtambua upesi: "Huyu yuko kwenye ndege za Qatar!" Hakujua kwamba Oman nako tunaye, choroa mweupe wa Arabuni. Wa mwisho wa mwituni waliuawa 1972. Mwaka 1982 wakarudishwa jangwani Jiddat al-Harasis, na 1994 hifadhi yao ikaingia katika Urithi wa Dunia. Mwaka 1996 walikuwa 450. Kufikia 2007 walibaki 65 kwa sababu ya majangili. Mwaka huohuo hifadhi ikapunguzwa kwa asilimia 90, na UNESCO ikaifuta. Ilikuwa ya kwanza duniani kufutwa.

Mteja akininung'unikia kuhusu kiingilio cha Serengeti, au ujangili uliowapunguza tembo wa Tanzania kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, humpa hesabu hii ya choroa. Familia zenye watoto nazianzishia ufukweni Ras al-Jinz, hukuhuku Oman, kabla ya kuzikatia tiketi, wakakae gizani bila simu, wakimngoja kasa apande kutaga. Mtoto aliyevumilia hivyo saa mbili hanisumbui Serengeti kwa kuuliza kila dakika simba yuko wapi, na mara nyingi ndiye anayemwona kabla ya dereva.