Ukifurushwa nyumbani, okoa dawa kabla ya godoro

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kusoma kuhusu maradhi yanayoletwa na viini, lishe mbaya au urithi wa kifamilia. Juma hili tutazungumzia maradhi yanayoletwa na tingatinga.

Kubomolewa kwa makazi si jambo geni jijini Nairobi. Mnamo Mei 1990 mabanda ya Muoroto yalibomolewa, na ilipofika Novemba mwaka huohuo ikawa zamu ya Kibagare. Mei 4, 2020, nyumba zilivunjwa alfajiri huko Kariobangi licha ya agizo la mahakama. Wakati huo Wakenya walikuwa wakihimizwa wakae nyumbani na kunawa mikono kwa sababu ya corona, na hata wa kukimbilia mashambani hakuruhusiwa kutoka Nairobi. Mwishoni mwa 2021 takriban watu 40,000 walipoteza makao Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara. Kisha yakaja mafuriko ya 2024. Familia za Mathare na Mukuru ambazo maji yalikuwa tayari yamezifukuza zilifukuzwa mara ya pili mwezi Mei, serikali ilipoamuru walio kando ya mito wahame, kwa ahadi ya Sh10,000 kwa kila familia.

Mto uliofurika ni hatari kweli, na sitetei mtu kujenga ukingoni mwake. Lakini familia inayoondolewa mtoni ikalazwa uwanjani kwenye mvua imebadilishiwa hatari tu.

Ubomoaji unapoanza, watu huokoa godoro, sufuria, televisheni na mabati. Hayo yanaeleweka, kwani vitu hivyo vilinunuliwa kwa jasho. Kinachosahaulika ni kile kijikaratasi cha dawa kilicho juu ya kabati, pamoja na kadi ya kliniki. Kwa daktari, hiyo ndiyo hasara kubwa.

Chukua mfano wa kifua kikuu. Matibabu yake kwa kawaida huchukua miezi 6, ijapokuwa mgonjwa huanza kujisikia vizuri baada ya majuma machache. Viini vingi hufa mapema, ila vichache vyenye ukaidi hubaki vimejificha mapafuni, na hivyo ndivyo vinavyohitaji ile miezi iliyosalia. Dawa zikikatizwa, viini hivyo huzaana upya na huenda vikawa sugu. Hapo matibabu huwa magumu zaidi, na kila anayelala chumba kimoja na mgonjwa huyo, au anayekaa naye kwenye matatu iliyofungwa madirisha, yumo hatarini. Wewe unayeishi Buruburu au South B usidhani hayakuhusu. Bawabu wako na yaya wa watoto wako wanalala wapi?

Nimewaona wagonjwa wa aina hii zaidi ya mara moja. Wengi hawakuacha dawa kwa ukaidi. Kadi zilipotelea kwenye vifusi, nao wakaogopa kwamba wakirudi bila kadi watakemewa au watafukuzwa. Jina lako limo kwenye rejista ya kliniki ulikoanzia. Nenda kituo chochote cha afya cha umma kilicho karibu na unapolala sasa, utaje kliniki hiyo, na ueleze siku uliyomeza dawa mara ya mwisho. Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya Ukimwi hutolewa bila malipo katika vituo hivyo. Ukipata mhudumu mwenye ulimi mkali, vumilia maneno yake ila usiondoke bila dawa.

Kuna dawa ambazo hata siku mbili ni nyingi. Mwenye kifafa akiacha ghafla anaweza kushikwa na degedege lisilokoma. Mwenye kisukari anayetegemea insulini anaweza kuzirai na kufa. Usiitupe chupa ya insulini unayotumia kwa sababu huna friji; ikiwekwa kivulini mahali penye ubaridi, kwa mfano karibu na mtungi wa maji, aghalabu hufaa kwa takriban majuma manne. Usiiache juani wala chini ya mabati.

Sheria ya ardhi ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka wanaofurushwa wapewe notisi ya maandishi ya angalau miezi 3, wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao, na watoto, wazee na walemavu walindwe. Notisi ikifika, ipeleke pia kliniki! Omba dawa za muda mrefu zaidi na barua ya uhamisho. Weka dawa, kadi na kijitabu cha mtoto katika mfuko mmoja wa plastiki, na kila mtu nyumbani ajue ulipo. Kwa kuwa tingatinga mara nyingine hufika bila notisi, wa kando ya mto aufunge mfuko huo leo.

Usiku wa kwanza nje, anayeumia zaidi ni mtoto mchanga. Mvulie nguo zilizolowa, mkaushe, mlaze kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja. Akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, usingoje kupambazuke.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Aliyekatwa na bati au kuchomwa na msumari aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kuchanjwa dhidi ya pepopunda siku hiyohiyo, hata kama damu imeacha kutoka.