Chumvi, barafu au theluji? Namna ya kusoma na kutafsiri utabiri wa hali ya hewa ya Ruwenzori

Mwezi wa Mei 1888, karibu na ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, katika nchi ambayo leo ni Ituri yetu, kijana mmoja wa msafara wa Henry Morton Stanley alimwonyesha bwana wake mlima uliosemekana kufunikwa na chumvi. Stanley kwanza alidhani anaona wingu la rangi ya fedha, kisha akatambua kuwa ni theluji. Miaka 40 kabla yake, tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona Kilimanjaro kwa mbali, kiongozi wake wa njia aliuita ule weupe kwa neno moja tu: baridi.

Kijana alitaja rangi na kiongozi akataja jinsi mwili unavyohisi. Kila mmoja alitumia neno alilokuwa nalo. Sisi tunayo maneno zaidi, lakini mara nyingi hatuyatumii. Utabiri wa mlimani huja kwenye simu kwa Kifaransa au Kiingereza, na mbeba mizigo wa Mutwanga, mahali ambapo njia ya kupanda kutoka upande wa Kongo huanzia, anauliza: “Wanasema nini?” Anayemjibu “kutakuwa barafu” hajamwambia jambo la kumsaidia. Somo hili linapendekeza maswali manne ya kujiuliza kabla ya kufungua mdomo.

1. Ni kitu gani?

Theluji ni chembe nyeupe, nyepesi, zinazoanguka kutoka mawinguni. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, yawe ndani ya friji au juu ya mwamba. Sakitu ni umande ulioganda usiku juu ya majani na mawe. Mvua ya mawe tunaijua hata Bunia: huletwa na mawingu makubwa ya radi na haihitaji ardhi kuwa na baridi kali. Ukungu ni wingu lililogusa ardhi. Utabiri ukisema “mawingu”, aliye bondeni ataona mawingu juu yake, ila aliye kileleni atakuwa ndani ya ukungu na hataiona njia.

Je, asili ya maneno inatusaidia kutenganisha theluji na barafu? Hapana. Theluji limetoka katika Kiarabu, ambako neno lake hutumika kwa vyote viwili. Barafu linatokana na neno la Kiajemi ambalo maana yake hasa ni theluji, nalo katika Kihindi likabeba maana zote mbili. Kwa hiyo tofauti hii haikuletwa na meli kutoka ng’ambo. Imejengwa na matumizi ya Waswahili wenyewe, na tukiacha kuitumia itapotea. Wakonzo na Wanande, wanaoishi chini ya mlima wenyewe, wana neno nzururu, ambalo limo hata katika jina Rwenzururu. Mkalimani mzuri atawauliza wao kwanza.

Tofauti hii ni ya hatari pia. Theluji mpya ikianguka juu ya barafu ya zamani, inafunika nyufa zake. Anayesikia “barafu” ataogopa kuteleza. Anayesikia “theluji mpya juu ya barafu” ataogopa pia kutumbukia.

2. Ni kwenye mwinuko gani?

Utabiri wa mlima hauna maana bila mita. Kwa wastani, hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari, na kilele cha Margherita kina mita 5,109. Tofauti ni mita 3,834, yaani nyuzi 25 hivi. Hewa ikiwa na nyuzi 24 kwenye mwinuko wa Bunia, kileleni tukadirie nyuzi 1 chini ya sifuri. Wingu lilelile linaweza basi kumwaga theluji juu na mvua ya kawaida chini. Ndiyo maana vituo vya kuteleza kwenye theluji, kama Afriski huko Lesotho, huhitaji utabiri wa miinuko yao wenyewe, si wa mji ulio mbali bondeni.

3. Ni kiasi gani?

Tofautisha theluji itakayoanguka na ile ambayo tayari imelala chini. Kwa makadirio, milimita 1 ya maji hutoa sentimita 1 ya theluji mpya. Milimita 6, ambazo Bunia ni manyunyu tu, kileleni zinafika karibu na kifundo cha mguu.

4. Ni kwa uhakika gani?

Hapa sarufi ndiyo inayobeba mzigo. “Theluji itaanguka” ni ahadi. “Inatazamiwa kuanguka” ni tegemeo lenye sababu. “Huenda ikaanguka” huacha mlango wazi. “Huanguka” si utabiri kabisa, bali ni desturi ya mahali. Uwezekano wa asilimia 60 maana yake ni kwamba katika siku 10 zenye utabiri kama huo, theluji itaonekana karibu siku 6. Haimaanishi kwamba itafunika asilimia 60 ya mlima. Katika mazungumzo tunapenda kukimbilia -ta-, na mkalimani anayegeuza “huenda” kuwa “itaanguka” amemwamulia msikilizaji wake. Ikikosea mara mbili, siku ya tatu hakuna atakayemsikiliza, na pengine siku hiyo ndiyo ya hatari.

Mfano

Tuchukue utabiri huu wa kubuni: mita 5,000, theluji sentimita 6, uwezekano asilimia 60, mawingu kuanzia 13.00.

Tafsiri mbaya: “Kesho kutakuwa barafu.”

Tafsiri nzuri: “Kesho, kule juu karibu na kilele, huenda ikaanguka theluji ya kufika kifundo cha mguu. Siku 10 kama hii, 6 huanguka. Kuanzia saa 7 za mchana, ukungu unaweza kuziba njia. Anayepanda awe ameshaanza kushuka kabla ya hapo.”

Barafu ya Ruwenzori ilikuwa na zaidi ya kilomita 6 za mraba mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi alipofika Margherita. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki karibu kilomita 1 tu. Inayobaki imejaa nyufa, na wanaoikanyaga bado wanategemea maneno yetu.

Mazoezi

a) Andika upya kwa viwango vitatu vya uhakika: “Usiku sakitu itafunika mawe.”
b) Hewa ina nyuzi 22 kwenye mwinuko wa mita 1,275. Kadiria nyuzi za mita 4,275, kisha ueleze kama wingu litamwaga mvua au theluji.
c) Muulize mzee anayesema Kinande maneno ya baridi ya mlimani. Andika sentensi zake nzima, si maneno matupu.