Maji Kwanza, Tikiti Baadaye

Mwezi Januari na Februari, joto la mchana Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na malalamiko ya wafugaji wa nyumbani huongezeka: vifaranga walioamka wazima wamelala chali kabla ya alasiri. Mfugaji huapa kwamba aliwahurumia, akawapa tikiti maji, mchicha na wali wa jana. Akiulizwa chombo cha maji kilijazwa lini, husita.

Hatari iko hapo, na kijitabu hiki kitairudia kwa makusudi. Maji kwanza.

Kuku hatoki jasho. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hadi 42, na akizidiwa hutweta mdomo wazi, akipoteza maji kwa kila pumzi. Siku ya kawaida hunywa maji yenye uzito wa takriban mara mbili ya chakula chake. Siku ya joto hunywa zaidi na kula kidogo. Ni kweli, zaidi ya asilimia 90 ya tikiti ni maji. Lakini gole la kifaranga ni dogo. Likijaa tikiti, chakula chake chenye protini ya asilimia 18 hadi 20 hakipati pa kuingia, na kiu bado ipo.

Kwa hiyo vifaranga wa wiki za mwanzo wapewe chakula chao na maji, basi. Wakikua, vya nyongeza visizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku, vikatwe vidogovidogo, tena wawekewe changarawe laini, kwa kuwa firigisi ndiyo inayosaga. Wapewe alfajiri au jioni, maana kusaga chakula nako huzidisha joto la mwili. Maji yakae kivulini, yabadilishwe asubuhi, adhuhuri na alasiri. Mabaki yaondolewe kabla hayajachacha.

Mahindi au karanga zenye ukungu zisitupwe bandani kwa kisingizio kwamba kuku hula chochote. Mwaka 1960 nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo. Kuchemsha hakuiondoi. Maganda na kokwa za parachichi pia ni marufuku.

 

Kifaranga anayetweta huku ametanua mabawa ahamishiwe kivulini penye hewa na apewe maji mara moja. Tikiti lisubiri. Wakifa kadhaa kwa mpigo, afisa mifugo aitwe siku hiyohiyo, kwa sababu kuhema kwa shida ni dalili ya ugonjwa wa kideri pia, na kideri humaliza banda zima. Mizoga ifukiwe au ichomwe, isiuzwe, isiliwe.