Dondoo muhimu: Mwendo kwanza, mizinga baadaye

Ukiunda jeshi la mchezo wa vita wa mezani, hata liwe la karne zijazo, anza na mwendo. Chukua mfano wa Vita Kuu ya Kwanza: mizinga kumi ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, iliopolewa, ikakarabatiwa Dar es Salaam na kuwekewa magurudumu. Ilipiga mbali, lakini kuivuta porini kulihitaji makundi makubwa ya wapagazi. Wajerumani waliporudi kusini ilipotea mmoja baada ya mwingine, huku askari wa miguu wakipigana hadi Novemba 1918.

Utasema bila mizinga huvunji ngome. Kweli, basi chukua miwili na uilinde. Pointi zilizobaki nunulia vikosi vyepesi, maana michezo mingi humpa ushindi aliyeshika maeneo. Wala usiwasahau wabebaji: mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza.