Somo la Familia: Takataka za Nyumbani

Soma: Kumbukumbu la Torati 23:12-14

Waisraeli waliagizwa kufukia uchafu wao nje ya kambi. Nasi tusiseme, "Hapa si kwetu." Watoto wetu wanacheza pale pale tunapotupa taka.

1. Maganda na majani: tia shimoni, mbali na kisima, funika kwa udongo. Geuza kila wiki mbili. Baada ya miezi kama mitatu utapata mbolea ya mchicha.

2. Makopo: yakishika maji ya mvua, mbu huzaliana humo. Osha, utumie tena.

3. Mifuko ya plastiki: usichome, moshi wake una sumu. Toboa, oteshea miche.

4. Betri: usitie kwenye mbolea.

Swali: Nyumbani kwetu, nani anatunza shimo?