Furu na Maji Yake

Kisesa ni nchi ya wakulima, mashariki ya mji wa Mwanza, katika barabara iendayo Musoma. Mkulima wa huko akipanda mbegu za gunzi moja, nusu juani na nusu chini ya mwembe, atapata mimea isiyofanana. Ile ya juani huwa minene, na ile ya kivulini huwa myembamba. Mbegu ni za namna moja, lakini mahali pa kukulia ni mbalimbali. Samaki nao wana jambo kama hili.

Katika Ghuba ya Mwanza huishi samaki wadogo waitwao furu, wa aina nyingi. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Hata miaka ya 1980 alikuwa amezidi mno, akawala furu, aina nyingi zikatoweka. Tena mvua ilichukua udongo na mbolea mashambani na kuvitia ziwani. Maji yakawa machafu, na oksijeni ikapungua. Nayo oksijeni ndiyo samaki avutayo kwa matamvua, yale mekundu yaliyofunikwa nyuma ya mashavu yake.

Wenye elimu kutoka Uholanzi walianza kuwachunguza furu wa Mwanza mwaka 1977, wakawahifadhi wengine katika chupa. Aina moja iliyokaribia kwisha ilionekana tena kwa wingi katika miaka ya 1990. Walipoipima na kuilinganisha na samaki wa chupani, waliona ya kuwa uso wa matamvua umeongezeka kwa asilimia 64, katika muda wa miaka 20 hivi.

Badiliko hilo lilitoka wapi? Yuko samaki mdogo wa Uganda, jamaa ya furu. Watoto wa mama mmoja waligawanywa, wengine wakakuzwa katika maji yenye oksijeni nyingi, wengine katika oksijeni haba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2000: waliokulia penye oksijeni haba walikuwa na matamvua makubwa kuliko ndugu zao. Samaki hakuchagua, mwili wake ulikua kwa kadiri ya maji. Iko na njia ya pili: wenye matamvua madogo hufa, wenye makubwa huzaa, na watoto hurithi. Huenda furu wa Mwanza walibadilika kwa njia zote mbili.

Lakini faida hiyo ina gharama. Kichwa cha samaki ni kidogo. Matamvua yakikua, misuli ya kinywa husongwa, na kula huwa kwa shida. Tena kubadilika kuna mpaka. Aina chache ziliokoka, nyingine nyingi hazikuweza. Basi asemaye, "Samaki watazoea tu," amesema nusu ya kweli. Mkulima alimaye kwa matuta huuzuia udongo usiende ziwani, na hivyo huwasaidia furu asiowaona.

Maswali
1. Kwa nini oksijeni ilipungua ziwani?
2. Eleza njia mbili za samaki kubadilika.
3. Panda maharage juani na kivulini. Pima mimea kila juma, uandike tofauti uionayo.